Mtunza Bustani Aliyerudi Shambani

Dada mpendwa, umewahi kukaa nyumbani siku ya Jumapili, nguo ya kanisani imepigwa pasi na kutundikwa ukutani, na wewe hutaki mtu yeyote wa kanisani akuone? Mimi nimewahi. Sikuwa mgonjwa. Ilikuwa kwa sababu ya daftari.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa umoja wa akina mama katika usharika wetu. Kazi yangu ni uuguzi, na mara nyingi nilipokea michango ya wenzangu nikiwa njiani kwenda zamu ya usiku. Nilitia fedha kwenye pochi, nikaandika jina kwenye kipande cha karatasi, nikijiambia kwamba kesho nitahamishia kwenye daftari. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mtoto, nilitoa fedha za jeneza bila kuandikishana. Mwingine alikosa nauli ya kumpeleka mgonjwa wake hospitali ya mkoa, nikampa. Siku ya ukaguzi ilipofika, hesabu hazikulingana. Sikuwa nimekula hata shilingi moja, lakini sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Niliondolewa mbele ya mkutano mzima. Zile zilizopungua, mimi na mume wangu tulizilipa kidogo kidogo kwa miezi minane.

Miezi mitatu sikukanyaga ibadani. Kisha mama mmoja mzee akaja kunitembelea. Hakunihubiria. Alikuja na mafungu mawili ya mchicha, akaketi nami jikoni tukachambua, na alipokuwa anaondoka akasema, "Mwanangu, umeondolewa kwenye hazina. Hujaondolewa kwenye kanisa."

Baadaye nilisoma maisha ya mchungaji mmoja wa Kimethodisti wa karne ya 19, Thomas Birch Freeman, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Nilipomaliza kusoma nilimkumbuka yule mama na mchicha wake. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari za mtu huyu.

KIJANA WA MAUA NA MICHE

Freeman alizaliwa tarehe 6 Desemba 1809 katika kijiji cha Twyford, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa Mwafrika aliyefanya kazi ya bustani. Mama yake, Amy Birch, alikuwa Mwingereza. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na kijana akakulia mikononi mwa mama.

Alipokua alishika kazi ya baba yake. Alipanda ngazi hadi akawa mkuu wa bustani katika jumba la tajiri mmoja, Sir Robert Harland, huko Orwell Park karibu na mji wa Ipswich. Alijua majina ya mimea kwa Kilatini, alijua udongo gani unafaa mche gani, na alikuwa na subira ambayo kila mkulima anaijua: unapanda leo, unasubiri mvua, na pengine atakayevuna si wewe.

Katika miaka hiyo alijiunga na Wamethodisti. Bwana wake hakupendezwa. Wakati huo mtumishi wa jumba kubwa alitazamiwa kusali kule anakosali bwana wake, na Freeman aliambiwa achague. Akachagua imani, kazi ikapotea. Kumbuka kwamba mkuu wa bustani hakupoteza mshahara peke yake. Alipoteza na nyumba aliyolala, maana ilikuwa ya mwajiri.

Katika jumba lile lile alikuwepo Elizabeth Booth, msimamizi wa shughuli za nyumba. Huyu ndiye aliyeshika funguo za stoo, aliyesimamia watumishi wa kike, na aliyejua kilichonunuliwa na kilichobaki. Akina mama tunaijua kazi hiyo, hata kama nyumba zetu zina vyumba viwili tu. Elizabeth aliolewa na Freeman, na mwezi Novemba 1837 wakapanda meli kwenda Pwani ya Dhahabu, Afrika Magharibi.

WIKI SABA

Walikuwa wakienda mahali gani? Mwaka 1834 vijana Wafante waliosoma katika shule ya ngome ya Waingereza huko Cape Coast, waliokuwa wakisoma Biblia wenyewe kwa wenyewe, waliomba waletewe Biblia zaidi. Wamethodisti wa Uingereza wakawapelekea na mchungaji. Huyo aliitwa Joseph Dunwell. Alifika tarehe 1 Januari 1835, na mwezi Juni mwaka huo huo akafariki. Wakafuata wana ndoa wawili: George Wrigley na mkewe, na Peter Harrop na mkewe. Wote wanne walikufa. Freeman na Elizabeth waliposhuka Cape Coast tarehe 3 Januari 1838, waliambiwa kwamba Wrigley, waliyemtegemea kuwapokea na kuwafundisha kazi, alikuwa ameshazikwa.

Mimi ni muuguzi, na ugonjwa uliowamaliza watu hawa naujua. Ilikuwa homa, na sehemu kubwa ya homa hizo bila shaka ilikuwa malaria. Wakati ule madaktari wa Kizungu waliamini kwamba inatokana na hewa mbaya ya vinamasi. Kwinini ilikuwa imekwisha kupatikana tangu 1820, lakini hapakuwa na utaratibu wa kuimeza kama kinga. Ilikuwa mwaka 1854 ndipo Dakta Baikie alipopanda mto Niger na watu wake wakimeza kwinini kila siku, wakarudi wote wakiwa hai. Kwamba ni mbu anayeeneza ugonjwa ilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897 tu. Kwa hiyo wake wa wamisionari walifunga madirisha usiku kuzuia hewa, kumbe adui alikuwa chumbani, juu ya kitanda.

Baada ya muda mfupi Freeman alishikwa na homa. Elizabeth alimuuguza. Ukikaa usiku kucha unampangusa mgonjwa jasho na kumnywesha maji, husikii uchovu wako mwenyewe. Nimewaona wake wa namna hiyo wodini kwetu, hata ikabidi tuwaandalie nao kitanda. Freeman alipoanza kupata nafuu, Elizabeth akaanguka. Alifariki tarehe 20 Februari 1838. Walikuwa wamekaa Afrika wiki saba.

Freeman alikuwa na umri wa miaka 28, mjane, mgeni, na lugha ya Kifante hajui. Angepanda meli ya kurudi, nani angemlaumu? Alibaki. Mwezi Juni mwaka huo alifungua kanisa la Cape Coast, na chini ya mimbari yake wamezikwa wamisionari wa mwanzo. Kila aliyehubiri pale tangu hapo amesimama juu ya makaburi.

Wengine walisema alisalimika kwa sababu ya damu ya baba yake. Kitaalamu ni kweli kwamba ipo kinga fulani ya kurithi, na ipo nyingine inayojengeka kwa mtu kuugua na kupona mara nyingi. Lakini hakuna aliyempima. Tunachojua ni kwamba aliugua kama wenzake, akaishi miaka 52 baada ya kufika.

NJIA YA KUMASI

Ndani ya bara, karibu kilomita 200 kutoka pwani, ulikuwepo ufalme wa Ashanti. Watu wa pwani waliuogopa sana, maana vita vya miaka ya 1820 vilikuwa bado havijasahaulika. Mwezi Januari 1839 Freeman alianza safari ya kwenda huko.

Alipofika Fomena, mji ulio mpakani, alizuiwa. Mfalme, Kwaku Dua wa Kwanza, alitaka kwanza kujua mtu huyu anatafuta nini. Si mfanyabiashara, si askari, basi ni nani? Freeman alisubiri pale kwa wiki kadhaa, akizungumza na wenyeji kwa msaada wa mkalimani na kutazama miti ya msitu kwa jicho la mtunza bustani. Tarehe 1 Aprili aliingia Kumasi na kupokewa kwa ngoma, miavuli mikubwa na mapambo ya dhahabu. Katika siku hizo hizo za ugeni wake aliona pia watu wakiuawa ili wamsindikize ndugu wa mfalme aliyefariki. Alimweleza mfalme haja ya kuwa na shule na wahubiri, kisha akarudi pwani bila kuwa na jibu kamili mkononi.

Mwaka 1840 alikwenda Uingereza pamoja na William de Graft, mmoja wa wale vijana Wafante walioomba Biblia. Fikiria makanisa ya Uingereza yakimsikiliza Mwafrika akisimulia mwenyewe jinsi Neno lilivyofika kwao. Watu walichanga, na vijana wengine wakajitoa kwenda. Mwezi Novemba mwaka huo Freeman alimwoa Lucinda Cowan. Walifika Cape Coast Februari 1841. Mwezi Agosti Lucinda naye alifariki.

Sina maneno mengi hapa. Mtu amezika wake wawili katika nchi moja, kwa muda usiozidi miaka minne. Lucinda alijua yaliyompata Elizabeth kabla hajakubali kuolewa. Tunaposimulia safari za wamisionari tuwakumbuke na hawa, ambao safari yao iliishia kwenye chumba cha wagonjwa.

Miezi mitatu baadaye Freeman alikuwa tena njiani kwenda Kumasi. Safari hii alikuwa na vijana wawili wa ukoo wa kifalme, Owusu Ansah na Owusu Nkwantabisa. Katika mapatano ya amani ya mwaka 1831 watoto hawa walitolewa kwa Waingereza wawe dhamana, wakasomeshwa Uingereza. Sasa walikuwa wanarudishwa baada ya miaka kumi. Waliondoka wadogo, wakarudi wanaume waliovaa suti. Wewe uliyempeleka mwanao shule ya bweni na kuhesabu siku hadi likizo, pima mwenyewe miaka kumi ya mama zao.

Freeman alimletea mfalme zawadi ya gari la kukokotwa, na watu walilisukuma na kulivuta msituni mahali ambapo hapakuwa na barabara ya magurudumu. Liliingia Kumasi Desemba 1841. Safari hii mlango ulifunguka, na mchungaji mmoja, Robert Brooking, akabaki pale.

WALIORUDI KUTOKA UTUMWANI

Mwaka 1842 Freeman alikwenda mbali zaidi, hadi Badagry katika Nigeria ya leo. Aliitwa na nani? Aliitwa na watu waliokuwa wametekwa na kuuzwa. Meli za Waingereza zilikuwa zikikamata meli za watumwa baharini na kuwateremsha watu huko Sierra Leone. Huko wengi walipata shule na imani. Kisha wakaanza kurejea kwao, katika miji ya Badagry na Abeokuta, wakaomba wapelekewe mchungaji.

Freeman alifika Abeokuta Desemba 1842, na Sodeke, mkuu wa mji, akampokea kwa furaha. Krismasi ya mwaka huo aliadhimisha Badagry pamoja na Henry Townsend, mmisionari wa Kianglikana, kila mmoja wa kanisa lake lakini kwa ibada ya pamoja. Mwaka uliofuata alikwenda hata kwa Mfalme Ghezo wa Dahomey, Benin ya leo, ambaye utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na kuuza watu.

Ni katika mji ule ule wa Abeokuta ambapo mwaka 1846 Samuel Ajayi Crowther, aliyetekwa akiwa kijana mwaka 1821 na baadaye akawa askofu, alimkuta mama yake mzazi akiwa hai baada ya miaka 25. Njia iliyofunguliwa na watu kama Freeman na Townsend ilipitisha mahubiri, na ikawapitisha pia watoto kurudi kwa mama zao.

VITABU VISIVYOLINGANA

Sasa nafika mahali ambapo waandishi wengine hupita haraka. Mimi nilikaa hapo muda mrefu.

Freeman alikuwa mkarimu na mwenye maono, lakini hesabu zilimshinda. Kijiji kikiomba shule, alikubali. Mwalimu akihitaji nyumba, alijenga. Mgeni akifika, aliandaliwa meza. Alianzisha karibu na Cape Coast shamba la mfano lililoitwa Beulah, ambapo wanafunzi walijifunza kulima kahawa na mazao mengine, na aliandikiana barua na wataalamu wa bustani kuu ya Kew huko London. Yote yalikuwa mema, na yote yaligharimu. Kila mwaka fedha zilizotumika zilizidi zile alizoruhusiwa na kamati ya misheni London. Maswali yalianza kuulizwa tangu miaka ya 1840. Alikwenda kujieleza, akaeleweka kidogo, akarudi, na mambo yakaendelea vile vile.

Mwaka 1856 kamati ilimtuma mkaguzi. Deni lilikuwa kubwa, na vitabu havikueleza vizuri fedha zimekwenda wapi. Hakuna aliyesema kwamba Freeman aliiba. Hakuwa na jumba wala akiba. Lakini fedha za misheni zilikuwa ni senti za wajane na za wafanyakazi wa viwandani wa Uingereza, nao walikuwa na haki ya kujua zimefanya nini. Mwaka 1857 Freeman alijiuzulu uongozi wa kazi ambayo yeye mwenyewe aliijenga kwa miaka 19, katika nchi alikozika wake wawili.

Huwa namfikiria Elizabeth hapa. Msimamizi wa nyumba kubwa alikuwa mtu wa funguo na hesabu. Tangu Lucinda alipofariki mwaka 1841, Freeman alikaa miaka 13 bila mwenzi wa kumuuliza jioni, "Mume wangu, tumebakiwa na kiasi gani?" Sisemi kwamba mke angezuia deni lile. Mume wangu mwenyewe aliniuliza habari za ile pochi yangu zaidi ya mara moja, nikamjibu kwamba nimechoka. Nasema tu kwamba swali hilo ni tendo la upendo, na anayeulizwa asikasirike.

NYUMBA YA REBECCA

Mwaka 1854, kabla ya mambo hayo kuharibika, Freeman alikuwa amemwoa Rebecca Morgan, mwanamke Mkristo wa Kifante. Huyu hakuletwa na meli. Alizaliwa kwenye ardhi hiyo, alijua vyakula vyake na lugha yake, lugha ambayo mumewe hakuweza kuizungumza vizuri hadi mwisho wa maisha yake. Walijaliwa watoto. Kwa mara ya kwanza Freeman alikuwa na nyumba iliyodumu.

Miaka mitatu baada ya arusi, Rebecca aliona mumewe akivuliwa heshima yake. Mke wa mkuu wa misheni akawa mke wa mtu anayenong'onwa. Serikali ya kikoloni ilimpa Freeman kazi ya usimamizi wa wilaya ya Accra, naye akaishika hadi 1860. Kazi hiyo nayo ilipokwisha, alirudi kwenye kile alichokijua tangu utoto: jembe, miche na maji. Alilima karibu na Accra na kulea watoto wake.

Hakuhama kanisa. Hakuanzisha lake kwa hasira, ingawa wafuasi asingekosa. Hakuandika barua za kuwachafua waliomwondoa. Aliendelea kusali na Wamethodisti wale wale, na alipoombwa kuhubiri alihubiri, kisha akarudi shambani. Mwaka mmoja wa namna hiyo ni mrefu. Yeye aliishi hivyo miaka 16.

Nimeona mara nyingi kwamba mtu akiaibika, vita kubwa hupiganwa nyumbani. Je, mke atamkumbusha kosa lake kila chumvi inapokosekana? Je, watoto watasikia mezani kwamba kanisani kuna watu wabaya, wachukie kanisa kabla hawajalijua? Nyumba ya Freeman naipima kwa tunda lake: mtoto wake mmoja, naye akiitwa Thomas Birch Freeman, alikuja kuwa mchungaji wa Kimethodisti. Mtoto aliyelishwa uchungu wa baba yake angependa kazi ile ile?

ANARUDI MWENYE MVI

Mwaka 1873 kanisa lilimwita Freeman arudi katika uchungaji. Alikuwa na miaka 63, umri ambao wengi wetu tunafikiria kustaafu. Hakurudishiwa hazina ya misheni yote. Alipewa mzunguko wa kuhudumia, mahubiri na ubatizo na kutembelea watu, na huko ndiko kipawa chake kilikokuwa siku zote. Nadhani hekima ya kanisa ilionekana hapo: lilimrudisha mtu bila kumrudisha kwenye mtego wake.

Akawekwa Anomabo, mji wa pwani jirani na Cape Coast. Kuanzia mwaka 1876 ukatokea uamsho mkubwa. Watu walikusanyika kwa makundi kumsikiliza mzee mwenye mvi, bado kupitia mkalimani, na mamia kwa mamia wakabatizwa. Mazao ya miaka ile ya mwisho yalipita ya miaka mingi ya ujana wake.

Ni Anomabo huko huko alikozaliwa James Aggrey, mwaka 1875, akalelewa na kusomeshwa na Wamethodisti. Huyu ndiye mwalimu Mwafrika aliyekuja kwetu Afrika Mashariki mwaka 1924 na tume ya elimu, akawatia moyo wengi kwamba Mwafrika anaweza kusoma na kufundisha. Kwa hiyo mche mmoja wa shamba lile ulitupa kivuli hata sisi.

Freeman alistaafu mwaka 1886 na kufariki Accra tarehe 12 Agosti 1890, akiwa na miaka 80. Kanisa la Methodist la Ghana, lililoanza kujitegemea mwaka 1961, linamhesabu miongoni mwa waasisi wake.

TUNAONDOKA NA NINI?

Kwanza, wema hauondoi haja ya karatasi. Kama umepewa kutunza fedha za kikundi, andika siku ile ile, si kesho. Toa risiti hata kwa dada yako wa tumbo moja. Fedha za kikundi zisikae kwenye pochi pamoja na za sukari ya nyumbani. Malipo yaidhinishwe na watu wawili, na taarifa isomwe kila mwezi hata kama hakuna aliyeuliza. Ukiona kazi hiyo imekushinda, sema mapema. Ningesema mapema, nisingelipa miezi minane.

Pili, tunapomwondoa mtu kwenye wadhifa, tusimwondoe mioyoni. Kanisa lilifanya sawa kudai hesabu. Sipendi mafundisho yanayosema kwamba kumpenda mtumishi wa Mungu ni kutomuuliza fedha. Lakini anayebaki nyumbani Jumapili kwa aibu anahitaji mtu wa kumgongea mlango. Tunakumbuka Yohana Marko, aliyemwacha Paulo katikati ya safari. Barnaba alimchukua akatembea naye, na baadaye Paulo mwenyewe akamwita, akikiri kwamba anamfaa katika kazi.

Tatu, mama, kama aliyeanguka ni mume wako, au ni wewe mwenyewe, angalia watoto wanasikia nini. Kosa la fedha hulipwa kwa miezi. Uchungu uliopandwa kwa watoto huchukua kizazi kuung'oa.

Mimi nilirudi ibadani Jumapili ya kwanza baada ya ule mchicha. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na yule mama mzee akahama mahali pake pa siku zote akaja kukaa nami. Hazina hawakunirudishia, nami sikuitaka. Mwaka uliofuata waliniomba nisimamie kamati ya kutembelea wagonjwa, na hadi leo ndiyo kazi yangu. Tuna daftari. Kila nauli inaandikwa kabla hatujatoka nje ya mlango.